Nimeifuta ile video ya "Nimepona"

Wasee, wale mmekuwa mkiniuliza video ya Iveti ilienda wapi: nimeifuta mwenyewe. Haikuripotiwa, akaunti haijadukuliwa, na hakuna mtu amenitisha. Niliifuta Jumapili usiku, saa tano hivi, na ndiyo ilikuwa video yangu iliyotazamwa kuliko zote.

Kwa wale wageni hapa: nilikuwa juu ya vilima vya Iveti, mji wa Machakos unaonekana kule chini nyuma yangu, nikafungua vifungo viwili vya shati mpaka kovu likaonekana. Lile kovu refu la katikati ya kifua. Maandishi yakapita: "Nilizaliwa na moyo mbovu. Nilipasuliwa nikiwa na miaka 6. Leo nimepanda mlima. NIMEPONA." Mkaweka mioyo myekundu. Mkaandika Amina. Nilifurahi sana, sitawadanganya.

Halafu mama mmoja akaniandikia inboksi. Sitasema jina wala kijiji. Mtoto wake wa kiume alipasuliwa moyo akiwa na miaka 3, shida ile ile yangu, na sasa yuko gredi ya tatu. Alikuwa ananishukuru. "Dada, tulikuwa tunaenda kliniki Nairobi kila mwaka. Ni nauli, na siku nzima ya kazi inapotea. Nimekuona umepanda mlima bila shida, nikajua hata sisi sasa tunaweza kupumzika. Mungu akubariki."

Niliusoma huo ujumbe mara tatu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha eko, daktari anasukuma kile kifaa chenye jeli baridi kwenye mbavu zangu, akaniuliza mara ya mwisho kuonwa na daktari wa moyo ilikuwa lini. Nikasema 2018. Akanyamaza. Kama umewahi kumpelekea fundi gari halafu akafungua boneti akanyamaza, unajua ile kimya.

Kwa hivyo hii posti ni ya kumjibu yule mama hadharani, kwa sababu uongo wangu nao niliusema hadharani. Na ni ya kugombana na neno moja: kupona.

Kwanza nieleze nilichozaliwa nacho, maana wengi wetu tunasema tu "tundu kwenye moyo" na tunaishia hapo. Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto unaipokea ikitoka mapafuni na kuituma mwili mzima. Pande hizo mbili hazifai kuchanganyika.

Yangu inaitwa Tetralojia ya Fallot. Fallot alikuwa daktari Mfaransa wa mji wa Marseille aliyeieleza vizuri mwaka 1888. Ni kasoro nne zinazokuja pamoja. Kuna tundu kubwa kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini. Njia ya kwenda mapafuni imebanwa. Mshipa mkuu, aota, umekalia lile tundu badala ya kukaa kushoto. Na msuli wa chumba cha kulia umenenepa kwa sababu ya kusukuma kwa nguvu kila siku. Fikiria pale Kyumbi, barabara ya Machakos inapokutana na ya Mombasa. Jam ikikaza, madereva wanakata njia za panya. Damu yangu ilifanya hivyo hivyo: ikiona njia ya mapafuni imebanwa, inapita kwenye tundu na kurudi mwilini bila oksijeni.

Nikiwa mdogo nilikuwa nikikimbia kidogo tu, nachuchumaa. Katikati ya mchezo, nachuchumaa. Susu alisema ni uvivu. Jirani akasema tumerogwa, na kwa sababu sisi ni Wakamba mnajua hiyo stori huwa haiishi haraka. Hakuna aliyejua kwamba mtoto mwenye Fallot huchuchumaa bila kufundishwa. Miguu ikikunjwa mishipa hubanwa, presha ya upande wa mwilini inapanda, na damu zaidi inalazimika kwenda mapafuni. Mwili wangu ulikuwa unajitibu, na mimi naitwa mvivu.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeniambia nitoe ulimi. Sisi watu weusi midomo yetu haigeuki bluu kama kwenye picha za vitabuni, ukiangalia uso peke yake unaweza kupita. Lakini ulimi, fizi na kucha hazifichi. Akaangalia pia vidole vyangu, ncha zimevimba kama vijiti vya ngoma. Siku hiyo ndiyo tulianza safari ya Nairobi.

Mathe aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba. Kanisa likafanya harambee. Nikapasuliwa. Wakaziba tundu kwa kiraka, wakapanua ile njia ya mapafuni. Nikaamka ulimi ukiwa mwekundu, na kijiji kizima kikasema nimepona.

Sasa sikilizeni kitu ambacho hakikutangazwa kwenye harambee. Ili kupanua ile njia, mara nyingi daktari hulazimika kukata mpaka kwenye vali, ule mlango unaozuia damu isirudi nyuma. Ukishakatwa, mlango haufungi vizuri tena. Kila pigo la moyo, damu kidogo inarudi kwenye chumba cha kulia. Leo kidogo, kesho kidogo, miaka kumi, miaka kumi na tano. Chumba kinajaa, kinatanuka, kinalegea. Kwa miaka mingi hakuumi. Hakukufanyi uchuchumae. Unaweza kupanda Iveti ukicheka na kamera huku chumba kinatanuka.

Hapo ndipo hatari iko. Vali inaweza kubadilishwa, lakini kuna wakati wake: kabla chumba hakijatanuka kiasi cha kushindwa kurudi. Ukichelewa, moyo unaweza kuanza kupiga ovyo, na kuna watu wa hali yangu wanaoanguka ghafla wakiwa na miaka 20 au 30 na kitu, watu ambao familia zao zilikuwa zinasema "lakini alipona." Na huwezi kujua wakati huo umefika kwa kujisikiliza. Ni eko, ni ECG, ni picha ya MRI. Ni kliniki.

Yangu imetanuka. Kiasi gani, nangojea MRI nijue. Ndiyo hali halisi ya yule dada wa Iveti.

Mtaniuliza, kwani uliachaje kliniki? Sikuacha kwa kiburi. Kliniki yangu ilikuwa ya watoto, ukutani kumechorwa twiga, viti ni vifupi. Nilipofika miaka 16 nikaambiwa, "Wewe sasa ni mkubwa, utakuwa ukienda kwa ya watu wazima." Ipi? Lini? Kwa daktari gani? Hakuna barua, hakuna tarehe. Nikarudi Machakos na faili la mathe kwenye mfuko wa plastiki. Halafu ikaja fomu foo, ikaja korona, ikaja chuo, zikaja video. Hakuna mtu alinipigia simu, na mimi sikumpigia mtu. Miaka 7 ikapita, na kila mtu aliyeniona alisema unaonekana poa. Nikawaamini.

Ndiyo maana nasema neno kupona linatuua. Mtu hupona malaria. Moyo kama wangu umerekebishwa, na kitu kilichorekebishwa kinahitaji kuangaliwa. Ukiweka kiraka kwenye tairi huendi nalo mpaka Mombasa kwa miaka ishirini bila kulichungulia. Lakini kiraka cha moyo wa mtoto tunakichapia makofi, tunapiga picha, tunafunga grupu la WhatsApp.

Nianze na sisi watu wa harambee. Wakenya tunajua kuchanga, hiyo sitabishana. Mtoto akihitaji upasuaji, namba ya M-Pesa inazunguka hadi kwa watu hawamjui. Kila mwaka watu wanavaa fulana na kukimbia Heart Run ya Mater, na kuna watoto wako hai kwa sababu ya hizo fulana. Nami nimewahi kuwa huko, sawa, nilitembea. Lakini lini umeona mchango wa nauli ya kliniki ya mwaka wa tisa? Lini umeona mheshimiwa akipigwa picha na hundi kubwa ya eko ya kila mwaka? Hakuna machozi kwenye eko, kwa hivyo hakuna kamera. Tunalipia siku moja kubwa, halafu miaka sitini inayobaki tunamwachia mtoto na mama yake.

Wa pili ni watu wa ushuhuda. Mimi ni Mkristo, msinirukie. Namshukuru Mungu kwa nesi wa ule ulimi na kwa kila mkono ulioshika kisu. Lakini ukinisimamisha mbele ya kanisa useme nimeponywa kabisa, halafu mwaka ujao nikiomba ruhusa niende kliniki unaniuliza imani yangu iko wapi, hapo umenifunga. Nimeishi na hilo swali. Kuna wakati niliona haya kusema nimechoka, maana ningekuwa naharibu ushuhuda wa watu.

Wa tatu ni sisi watengenezaji wa video. Sisi ndio wabaya zaidi, kwa sababu tunajua tunachofanya. Video ya sekunde 40 inataka mwanzo mbaya na mwisho mzuri. Kovu, wimbo, mlima, kwisha. "Nimerekebishwa na nitafuatiliwa maisha yangu yote" haiendi na wimbo wowote. Nilijua nimekosa kliniki miaka yote hiyo na bado nikaandika NIMEPONA kwa herufi kubwa, kwa sababu herufi kubwa zinaleta watu. Wakaja. Na mmoja wao akaachisha mtoto wake kliniki.

Wa nne ni mfumo. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo. Zamani wengi wa aina yangu hawakufika utu uzima, kwa hivyo hakuna aliyejiuliza watatibiwa wapi wakifika. Sasa tunafika. Upasuaji wa moyo unafanyika Nairobi, Eldoret, na Tenwek kule Bomet. Jirani zetu Tanzania wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tangu 2015. Watoto wanaokolewa. Halafu wanatimiza miaka 18 na mlango wa twiga unafungwa. Ninachodai si hospitali mpya. Nadai barua moja: jina la kasoro, nini kilifanywa, nini cha kuangaliwa, daktari wa watu wazima ni nani na tarehe ya kumwona. Mtoto asitoke kliniki ya watoto bila hiyo karatasi mkononi. Hiyo ni karatasi na wino tu, jamani.

Najua mtasema nini. Kuna mmoja ameshaniambia kwenye simu: "Wewe huna shukrani. Watoto wengine hata hawakupata huo upasuaji." Ni kweli, hawakupata, na inaniuma. Lakini kuheshimu shamba lililouzwa ni kulinda kilichonunuliwa nalo. Mwingine atasema natisha wazazi. Basi nisiwe mnafiki upande wa pili pia: kasoro hazifanani. Kuna matundu madogo yanayojifunga yenyewe. Kuna watu ambao daktari wa moyo atawaangalia na kuwaambia, nendeni mkaishi, hamhitaji kurudi. Kama ni wewe, sherehekea. Lakini hayo maneno yatoke kwa daktari wa moyo, yasitoke kwa shangazi, kwa mchungaji, wala kwa msichana wa video.

Na usifikiri ni wanakijiji tu waliokosea. Hata madaktari walichelewa kujua. Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Marekani, ndipo mtoto wa kwanza mwenye Fallot alisaidiwa kwa upasuaji. Wazo lilitoka kwa daktari Helen Taussig, mpasuaji alikuwa Alfred Blalock, na aliyesimama nyuma yake akimwelekeza alikuwa Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na digrii, ambaye ndiye alikuwa ameifanyia mazoezi mbinu hiyo maabarani kwa mbwa. Marekebisho kamili ndani ya moyo yalianza 1954 na Walton Lillehei kule Minnesota. Kwa miaka mingi baada ya hapo, vali inayovuja ilidhaniwa haina madhara makubwa. Ilibidi watoto wale wakue, wafike miaka 20, 30, ndipo ukweli uonekane kwenye vifua vyao. Wao walikuwa hawajui. Sisi tunajua. Sisi tuna kisingizio gani?

Sasa kwa wenzangu wenye kovu, haya ndiyo niliyojifunza nikiwa nimechelewa. Chukua.

Jua jina la kasoro yako. "Nina shida ya moyo" haimsaidii daktari wa usiku. Kuna ya kuzaliwa nayo, kuna ya rumatiki inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na matibabu si sawa. Tafuta ripoti ya upasuaji, ipige picha, iweke kwa simu, umtumie mtu mwingine mmoja.

Linda meno. Wadudu wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kujenga makao ndani ya moyo, hasa kwenye vali na viraka. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una nini, maana baadhi yetu tunahitaji antibiotiki kabla. Kutoboa ulimi na kuchora tatuu kule mtaani, najua zinapendeza, lakini sindano chafu kwako si sawa na kwa beste yako.

Homa isiyoeleweka, siku kadhaa, usikimbilie kemisti kununua antibiotiki. Nenda hospitali, sema una moyo uliorekebishwa, uliza kama damu itapimwa wadudu kwanza. Zile tembe za kubahatisha zinaweza kuficha ugonjwa bila kuumaliza.

Wasichana, hii hawatuambii: mimba huongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida, na ni moyo unaibeba. Wengi wenye Fallot iliyorekebishwa huzaa salama wakifuatiliwa, lakini ongea na daktari wa moyo kabla, usingoje mwezi wa tano. Hata vidonge vya kupanga uzazi, uliza, maana vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda na havifai baadhi yetu.

Kuzimia ukiwa mazoezini, moyo kupiga mbio na kukataa kutulia, miguu kufura: hiyo ni siku ile ile, si wiki ijayo. Na mazoezi usiyakatae kwa woga, muulize daktari kiwango chako.

Mwisho, SHA. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, na ukishatoka kuwa tegemezi wa mzazi, hakuna mtu atakusajili. Jisajili na ulipe kabla hujahitaji.

Kabla sijaandika hii nilimwambia mathe. Tulikuwa jikoni, anachambua maharagwe.

"Mama, daktari amesema moyo umetanuka. Huenda nikabadilishwa vali."

Hakuinua macho. "Usitamke hivyo. Wewe ulipona."

"Nilirekebishwa, Mama. Ilifanya kazi. Ndiyo maana niko hapa nakuambia."

Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikafikiri nimemkosea. Halafu akasema, polepole, "Sasa lile shamba niliuza la nini?"

Hapo ndipo nilielewa neno kupona lilikuwa la nani. Halikuwa langu. Lilikuwa lake, ndilo risiti pekee aliyobaki nayo. Nikamwambia lile shamba lilininunulia miaka 17, na bado linaninunulia. Hakujibu. Lakini asubuhi nilikuta lile faili la plastiki mezani, limepanguswa vumbi.

Yule mama wa inboksi nilimwandikia usiku ule ule, kabla ya kufuta video. Nilimwambia kila kitu: 2018, vali, MRI. Nikamwomba arudi kliniki, na nikamwambia nauli ya safari hiyo moja nitatuma mimi. Inaonyesha amesoma. Hajajibu bado. Pengine ana hasira, na ana haki. Mama, kama unasoma hapa, ile ofa ipo.

Na wewe mwenye kovu unayesoma hii ukiwa kwa mat ama kitandani: ukifika nyumbani usinitumie moyo mwekundu. Muulize mzazi wako lile faili liko wapi.